Muziki baada ya kujifungua

SWALI: Mimi ni mtunzi na mwimbaji, nina mtoto wa miezi minne. Tangu nijifungue sijamaliza wimbo hata mmoja. Je, niache muziki hadi akue?
Msomaji, Tanga

JIBU: Hongera kwa kujifungua, dada. Usiache, ila badili namna ya kufanya kazi. Ukisubiri siku nzima ya utulivu, utangoja sana. Mstari ukikujia unaponyonyesha, urekodi kwenye simu hapo hapo. Mtoto akilala, kamilisha kitu kimoja tu: kiitikio au ubeti mmoja. Omba baba yake au bibi yake amshike saa ileile kila wiki, na saa hiyo isiliwe na kazi za nyumbani.

Sauti irudishe taratibu, kwani misuli ya tumbo na nyonga inayosaidia pumzi huchelewa kupata nguvu baada ya uzazi.

Tena, uzazi wenyewe ni hazina ya utunzi. Lauryn Hill wa Marekani alijifungua mtoto wake wa kwanza, Zion, mwaka 1997, akamtungia wimbo. Albamu yenye wimbo huo, ya mwaka 1998, ilimpatia tuzo 5 za Grammy. Endelea kutunga, na mwanao akusikie ukiimba.