Somo la Umeme: Volti, Ampea, Omu na Wati



Leo tunajifunza hesabu za umeme. Msiogope neno hesabu. Sisi tunaoandika somo hili tuliishia shule ya msingi, na hapa hapatakiwi zaidi ya kuzidisha na kugawanya. Faida yake ni kubwa, kwani hesabu hizi ziliokoa mishahara ya wenzetu wanne.

Katika karakana moja ya ushonaji hapa Kampala, wenzetu hao walikuwa wapiga pasi. Tajiri alilalamika kwamba wanafanya kazi polepole na kwamba uniti za Yaka zinakwisha upesi, akaamua kuwakata mshahara. Wao walimwambia kwamba pasi hazishiki moto vizuri na waya unanuka. Hakuwasadiki. Tulipofika tulikuta pasi zote nne zimechomekwa kwenye waya mmoja mwembamba, wa mita ishirini na zaidi, uliounganishwa mahali pawili kwa utepe. Plagi yake ilikuwa imetolewa fyuzi, na mahali pake pamesokotwa kipande cha waya. Tuliomba aitwe fundi mwenye leseni, naye akapima. Kabla ya kutazama vipimo vyake, tujifunze maneno manne.

Volti ni nguvu inayosukuma umeme, kama tangi lililo juu linavyosukuma maji katika bomba. Umeme wa majumbani hapa Uganda ni volti 240.

Ampea ni wingi wa umeme unaopita katika waya.

Omu ni kipimo cha ukinzani, yaani jinsi waya au chombo kinavyouzuia umeme usipite. Waya mrefu au mwembamba una omu nyingi. Waya mfupi au mnene una omu chache. Jina hili limetokana na Georg Ohm, mwalimu wa Ujerumani, aliyetangaza kanuni yake mwaka 1827.

Wati ni kipimo cha kasi ya umeme kufanya kazi. Limetokana na James Watt, fundi wa Uskoti.

Sasa kanuni zenyewe:

1. Omu = volti ÷ ampea
2. Ampea = volti ÷ omu
3. Wati = volti × ampea
4. Wati = ampea × ampea × omu

Ukijua vipimo viwili, unavipata vingine vyote. Kanuni hizi zinafaa kwa vyombo vya joto kama pasi na birika. Mashine zenye mota zina hesabu yake zaidi, nasi hatutaigusa leo.

Turudi karakanani. Pasi zote nne zikichota umeme pamoja, fundi alipata volti 240 ukutani, volti 220 mwisho wa waya, na ampea 20 zikipita.

Kila pasi ilichota ampea 5. Ukinzani wake ni 220 ÷ 5 = omu 44. Nguvu yake ni 220 × 5 = wati 1,100. Kama ingepata volti 240 kamili, ingechota 240 ÷ 44, yaani karibu ampea 5 na nusu, na kutoa karibu wati 1,300. Basi kila pasi ilipungukiwa na wati 200 hivi. Wapiga pasi hawakuwa wavivu. Pasi zilikuwa na njaa.

Je, volti 20 zilikwenda wapi? Zilipotea ndani ya waya. Ukinzani wa waya ni 20 ÷ 20 = omu 1. Joto lake ni 20 × 20 × 1 = wati 400. Hilo ni zaidi ya thuluthi ya joto la pasi moja, nalo lilikuwa likiuchemsha waya uliolala sakafuni kando ya vitambaa. Uniti moja ni wati 1,000 kwa saa moja. Pasi zikichota pamoja saa 5 kwa siku, waya peke yake unakula 400 × 5 = 2,000, yaani uniti 2 za bure kila siku.

Na ile fyuzi? Plagi ya pini tatu huwekwa fyuzi isiyozidi ampea 13. Ampea 20 hazikuruhusiwa kupita hapo hata kidogo. Fyuzi ni mlinzi; anayeiondoa amemfukuza mlinzi na kuuacha mlango wazi.

Tuliandika hesabu hizi katika karatasi moja tukamwekea tajiri mezani. Alizirudia mwenyewe kwa kalamu, akapata yale yale. Mshahara haukukatwa, na fundi akavuta nyaya mbili nene kutoka kwenye ubao wa fyuzi, kila moja ikibeba pasi mbili.

Angalieni tena kanuni ya nne. Ampea zikipungua kuwa nusu, joto la waya linapungua kuwa robo. Ndiyo sababu umeme wa bwawa la Jinja, lililofunguliwa mwaka 1954 kwa jina la Owen Falls na leo linaitwa Nalubaale, huletwa Kampala kwa volti 132,000. Volti zikiwa nyingi, ampea huwa chache, na hasara njiani hupungua.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri alinde usalama wa wafanyakazi wake. Lakini malalamiko yenye tarakimu husikilizwa upesi kuliko malalamiko matupu. Usifungue waya wala soketi mwenyewe. Soma kibandiko cha chombo, gawanya wati kwa volti, upate ampea. Ukiona zinazidi fyuzi, au waya una joto au unanuka, zima na umwite mjumbe wa chama.

Zoezi: Birika ni la wati 2,400 kwa volti 240. Linachota ampea ngapi? Lina omu ngapi? Je, laweza kutumia plagi moja ya ampea 13 pamoja na pasi ya wati 1,200?

Majibu: Ampea 10. Omu 24. Haiwezekani, kwa kuwa pasi inachota ampea 5, na jumla ni 15.