Kupima Ufasaha wa Maneno na wa Michoro kwa Wenye Skizofrenia: Nafasi ya Mofolojia ya Kiswahili

Utangulizi
Neno skizofrenia lilibuniwa na daktari Mswisi, Eugen Bleuler, mnamo mwaka wa 1908. Aghalabu maradhi haya hutambuliwa kwa dalili zake za wazi, kama vile kusikia sauti zisizokuwepo. Hata hivyo, huathiri pia kumbukumbu na wepesi wa kufikiri. Makala haya yanashughulikia kipimo kimoja cha wepesi huo, yaani jaribio la ufasaha, na yanadai kuwa halifai kuhamishiwa katika Kiswahili bila kuzingatia muundo wa maneno yake.

Aina za Majaribio
Ufasaha hapa si umbuji wa kuzungumza, bali ni uwezo wa kuzalisha vitu vingi tofauti kwa muda mfupi. Katika ufasaha wa kimaana, mtahiniwa hutaja, kwa mfano, wanyama kwa sekunde 60. Katika ufasaha wa herufi, hutaja maneno yanayoanza kwa herufi fulani. Katika Kiingereza hutumiwa sana F, A na S. Majina ya pekee hayahesabiwi, wala neno lililobadilishwa mwisho wake tu. Ufasaha usio wa maneno hupimwa kwa michoro: katika jaribio la Ruff, mtahiniwa huunganisha nukta tano kwa mistari ili kupata maumbo yasiyofanana.

Matokeo
Kwa wastani, wenye skizofrenia hutaja maneno machache kuliko wasiougua, na pengo hilo huelekea kuwa kubwa zaidi katika ufasaha wa kimaana. Troyer na wenzake (1997) walieleza hatua mbili za kazi hii: kuunda kundi, mathalani ng'ombe, mbuzi na kondoo, kisha kuhamia jingine, kama simba, chui na fisi. Hatua yoyote ikilegea, alama hupungua.

Tatizo la Kiswahili
Kiswahili hujenga maneno kwa viambishi awali pia. Kwa herufi K, kila kitenzi chaweza kutajwa kwa ku-: kupika, kucheza, kulima. Kwa herufi A, mtahiniwa aweza kusema anapika, alipika, atapika. Je, hayo ni maneno matatu au ni moja? Msahihishaji mmoja atatoa alama tatu, mwenzake moja. Hivyo basi, mgonjwa aliyedhoofika huenda akaonekana hana shida, na msaada ukamkosa.

Hitimisho
Yafaa mizizi ndiyo ihesabiwe, na mtahiniwa aelezwe hivyo kabla ya kuanza. Jaribio la michoro huepuka tatizo la viambishi, ingawa humlemea asiyezoea kalamu. Alama za maneno zikiwa chini na za michoro zikiwa nzuri, lugha ya jaribio nayo ichunguzwe. Vilevile, jaribio hili pekee halithibitishi ugonjwa. Hiyo ni kazi ya daktari. Kazi ya mwanaisimu ni kuhakikisha kwamba kinachopimwa ni akili ya mgonjwa, si sarufi ya Kiingereza.