Mla na Mliwa Baharini



Watu wengi hudhani ya kwamba samaki alaye wenziwe ni adui wa bahari, na kwamba lau wangekufa walaji wote, bahari ingejaa samaki. Dhana hii si sawa. Tumeona yafaa tueleze kwa ufupi jinsi maisha ya viumbe yalivyofungamana kwa chakula, na tuchukue mfano ulio mlangoni petu, nao ni mwamba wa bahari yetu, ili kila mtu aweze kuyapima maneno haya kwa macho yake.

Asili ya chakula chote cha mwambani ni jua. Mwani na majani ya bahari hupata nguvu kwa mwangaza wake. Tafi hula mwani. Tewa humla tafi. Na papa humla tewa. Huu ndio mnyororo wa chakula. Wataalamu wamekadiria ya kuwa katika kila daraja ni kiasi cha sehemu moja tu katika kumi ya nguvu ipandayo kwenda daraja ya juu yake. Nyingi ya zilizobaki mliwa huzimaliza mwenyewe kwa kuishi kwake. Ndiyo sababu tafi ni wengi na papa ni wachache, na papa wakivuliwa ovyo hukawia mno kurejea.

Sasa natutazame khabari ya kikande. Samaki huyu ana ngozi ngumu na meno yenye nguvu, wala sokoni hana heshima ya changu. Lakini anayo kazi ambayo samaki wengi hawaiwezi: humvunja ganda yule mnyama wa miiba akaaye katika mashimo ya mwamba, ambaye wengi wetu tumepata kumkanyaga, akamla. Na mnyama huyo naye hula mwani, akiukwangua pamoja na jiwe lenyewe.

Vikande wakivuliwa hata wakaisha, hufuata mambo matatu:

Kwanza, wanyama wa miiba huzidi, kwa kuwa hapana wa kuwapunguza.

Pili, huumaliza mwani, na tafi na pono wakakosa malisho.

Tatu, huukwangua mwamba upesi kuliko matumbawe yawezavyo kuujenga. Mwamba ukichakaa, samaki wadogo hukosa pa kujificha, na mawimbi hupata njia ya kuula ufuo.

Haya si maneno ya kukisia. Wataalamu walioipima miamba ya Kenya tangu miaka ya 1980 walikuta ya kwamba palipovuliwa sana wanyama wa miiba walikuwa wengi na samaki wachache. Na katika hifadhi za Malindi na Watamu, zilizowekwa mwaka 1968, mambo yalikuwa kinyume chake. Ni kweli ya kuwa joto la mwaka 1998 liliua matumbawe mengi ya pwani hii, na hilo halikuwa kosa la mvuvi. Lakini mwamba uliojeruhiwa na joto ndio uwahitajio zaidi walinzi wake.

Huenda mtu akauliza: "Na mvuvi maskini afanyeje? Watoto wake hula leo, hawangoji mwakani." Swali hili ni la haki, wala hatulidharau. Jibu ni kuwa hatumwambii aiache bahari. Twamwambia asiitoe roho. Huko Kuruwitu, katika Kilifi, wavuvi na wazee wenyewe waliafikiana, wakafunga sehemu ya bahari yao mwaka 2005 isivuliwe. Mwanzo wake ulikuwa mzito, kwani kufunga malisho ya leo si jambo jepesi. Lakini samaki waliongezeka mle ndani, na samaki hajui mpaka: hutoka, akavuliwa nje.

Basi, ndugu mvuvi, akiingia kikande mchanga katika lema lako, mrudishe majini yungali hai. Lichukie juya, lililokatazwa na sheria, kwani huzoa wakubwa na wachanga pamoja na kuvunja matumbawe. Na wewe mnunuzi, usijitoe katika khabari hii. Samaki mchanga asiponunuliwa, hapana atakayejisumbua kumvua. Mnyororo huu hauishii kwa papa. Wafika hata katika sahani yako.