Kaboni Isiyoacha Kutu: Kufasiri Uoksidishaji kwa Kiswahili

Makala haya yanadhamiria kueleza jinsi kaboni iliyovikwa ganda inavyostahimili hewa yenye joto kali, na kwa nini neno "kutu", ambalo aghalabu hutumiwa kufasiri uoksidishaji, halifai hapa.

Chuma kikishika kutu, huacha unga mwekundu. Kaboni haiachi kitu. Ikikutana na oksijeni katika nyuzijoto zipatazo 500 za Selsiasi, hugeuka gesi na kutoweka. Ni hasara kubwa, kwani pasipo hewa, kaboni iliyoimarishwa kwa nyuzinyuzi za kaboni hubaki imara hata katika joto la kuyeyusha chuma.

Mfano mwafaka ni vyombo vya anga vya Marekani vilivyoruka kati ya 1981 na 2011. Pua na kingo za mbele za mabawa yake zilitengenezwa kwa kaboni hiyo, nazo zilikabili takriban nyuzijoto 1,650 wakati wa kurejea duniani. Tabaka la juu liligeuzwa kuwa kabidi ya silikoni. Ganda hili nalo huoksidika! Ila oksidi yake, silika, ni yabisi. Hutanda juu kama kioo chembamba na kuizuia oksijeni. "Kutu" huashiria uharibifu, ilhali hapa kinachozuka ndicho kinga. "Kuungua" lingeifaa kaboni, lakini si kabidi ya silikoni, isiyotoa mwali wala majivu. Kwa maoni yangu, "uoksidishaji" libaki, japo ni la mkopo.

Hata hivyo, ganda lina udhaifu. Likipoa husinyaa kuliko kaboni iliyo chini yake, likafanya nyufa. Nyufa hizo zilijazwa kioo cha silikati ya sodiamu, ambacho hulainika kwa joto na kuziba, ingawa hupungua safari baada ya safari. Aidha, mvua ilichuruza zinki kutoka kwenye rangi ya mnara wa kurushia hadi mabawani, ikatoboa vitundu vidogo.

Haya yote ni mashambulizi ya polepole. Tarehe 16 Januari 2003, kipande cha povu gumu kilibanduka kutoka tangi la nje la Columbia kikagonga ukingo wa bawa la kushoto. Tarehe 1 Februari, gesi moto ilipenya hapo ikayeyusha aluminiamu ya ndani, na wanaanga saba wakaangamia. Julai mwaka huo, wachunguzi walifyatulia povu kibamba cha kaboni kilichotolewa kwenye bawa la Atlantis. Tundu lililotokea lilikuwa na upana wa sentimita 40 hivi, na hakuna kioo cha silika kinachoweza kuziba tundu kama hilo.