Urea kwa Nguvu ya Umeme

Ndugu Wanachama,

Wengi wenu mmetuuliza kwa nini mfuko wa urea tunayotia mpunga mabondeni hupanda bei hata mwaka ambao mvua zetu ni njema. Jawabu limo katika gesi ya ardhini.

Urea ina naitrojeni kiasi cha 46 kwa mia, iliyofungamana na kaboni. Ndiyo hiyo hiyo iliyomo katika mkojo, na Mjerumani Friedrich Wöhler aliiunda kwa dawa mwaka 1828. Viwandani hutengenezwa kwa amonia na hewa ya ukaa. Amonia nayo hutaka haidrojeni, ambayo kwa kawaida hutolewa katika gesi au makaa ya mawe, kisha hushindiliwa pamoja na naitrojeni kwa joto la digrii 400 na zaidi. Basi gesi ilipopanda Ulaya mwaka 2021 na 2022, viwanda kadhaa vya huko vilipunguza kazi, na bei ya urea ikapanda duniani.

Sasa wataalamu wajaribu njia nyingine. Huchukua maji yenye naitreti, wakapitisha ndani yake hewa ya ukaa, na kuzamisha vipande viwili vya madini vilivyoungwa na umeme. Kwenye kipande cha upande hasi, naitreti na hewa ya ukaa hubadilika, na zikikutana sawasawa naitrojeni na kaboni hushikana zikawa urea. Joto kali halihitajiwi, na umeme ukiwa wa jua au wa maporomoko, moshi pia hapana.

Si ndoto tupu. Mwaka 1965 kampuni ya Monsanto, huko Decatur, Alabama, ilianza kutengeneza kwa umeme adiponitrili, dawa yenye naitrojeni itumikayo katika nailoni, kwa njia ya Manuel Baizer.

Lakini urea ni ngumu zaidi. Umeme mwingi hupotea katika kutoa haidrojeni na amonia, na urea ipatikanayo ni kidogo ndani ya maji mengi. Tena naitreti ya viwandani yenyewe hutokana na amonia! Twaona faida ya kweli itakuwapo ikichukuliwa katika maji machafu.

Urea hiyo haijafika sokoni. Atakayewaletea mfuko kwa jina hilo msimpe fedha. Mliyo nayo itieni kwa mafungu, msiimwage yote siku moja, maana juu ya udongo wenye joto sehemu yake hugeuka amonia ikapotea hewani.

Katibu