"Mmeelewa?" Funzo la Futi 7,500 za Nairobi

Tarehe 3 Septemba 1974 ndege kubwa aina ya Boeing 747 ya British Airways ilikuwa inashuka kuelekea uwanja wa Embakasi, Nairobi. Mwongoza ndege akaipa kibali cha kushuka mpaka futi 7,500. Namba aliitaja kwa tarakimu, moja moja, kwa Kiingereza: saba, tano, sifuri, sifuri. Marubani wakaamini wameambiwa tano, sifuri, sifuri, sifuri. Wakaweka 5,000 kwenye mtambo, na ndege ikatii. Mashine haina tabia ya kuuliza "una hakika?"

Sasa shika jambo moja hapa, maana bila hilo hadithi haieleweki. Futi za redioni hazihesabiwi kutoka ardhini. Zinahesabiwa kutoka usawa wa bahari. Kwa sisi wa Kagera mfano uko mlangoni: mtumbwi unaoelea pale Bukoba, juu ya maji ya Ziwa Viktoria, tayari uko zaidi ya futi 3,700 juu ya bahari. Uwanja wa Nairobi uko juu zaidi, futi 5,300 na ushee. Kwa hiyo 5,000 waliyoiweka ilikuwa chini ya udongo. Kwenye viwanja vingi vya pwani 5,000 ni namba ya kawaida kabisa wakati wa kushuka, na sikio la binadamu lina ubaya huo: linasikia lilichozoea.

Walipotoka mawinguni wakaiona ardhi na kuipandisha ndege haraka. Ilikuwa imebaki kama futi 70, yaani mita 21 hivi. Hakuna aliyeumia, na labda ndiyo maana watu wengi hapa Afrika Mashariki hawajawahi kuisikia habari hii.

Najua mtu wa Kagera akisikia neno ndege anakumbuka tarehe 6 Novemba 2022, ile ya Precision Air iliyoanguka ziwani Bukoba ikiwa na watu 43, wakafariki 19. Ile siigusi. Hapa naongelea namba iliyotamkwa sawa upande mmoja na kupokelewa vibaya upande wa pili.

Wa Subang hawakupata bahati ya Nairobi. Tarehe 19 Februari 1989 ndege ya mizigo ya Flying Tiger, 747 nayo, ilitoka Singapore kwenda Kuala Lumpur. Kibali kilikuwa cha kushuka futi 2,400, na mwongozaji alisema "descend two four zero zero". Ukiyatamka haraka, "two" na "to" ni sauti moja. Marubani wakasikia "shukeni mpaka 400". Na walijibu hivyo hivyo, wakataja 400 redioni. Hakuna aliyewasahihisha. Mtambo wa kuonya kuhusu ardhi ulilia, hawakuuitikia. Ndege ikagonga kilima, wote wanne wakafa.

Hapo ndipo mimi mwanafunzi wa ualimu ninapokaa na kufikiri. Rubani akipewa mwinuko hatakiwi kujibu "sawa" au "nimekupata". Anatakiwa kuurudia wenyewe, namba kwa namba. Huo ni upande mmoja tu. Upande wa pili ni wa mwongozaji: kusikiliza marudio hayo kana kwamba ni habari mpya, na kusahihisha papo hapo. Akikaa kimya, rubani anahesabu ukimya ule kuwa tiki. Kule Subang rubani alirudia. Kilichokosekana ni sikio.

Halafu kuna lugha yenyewe. Kanuni za kimataifa za redio sasa zinataka namba kamili za elfu na mia zitamkwe kwa maneno yake, "elfu saba mia tano" badala ya saba-tano-sifuri-sifuri. Waingereza nao wanapotaja mwinuko wanaweka neno "altitude" kati ya "to" na namba, ili "to" isigeuke mbili.

Tusiwacheke Waingereza kwa "to" yao. Sisi tuna "na". Nilipokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha nyumbani kwetu Nyamiaga, Ngara, niliwaambia Kidato cha Kwanza waandike kwa tarakimu: elfu ishirini na tano. Wengi wakaandika 25,000. Wachache, na si wale wa mwisho darasani, wakaandika 20,005. Nikawauliza wanieleze. Binti mmoja akasimama akasema, "Mwalimu, ni elfu ishirini, halafu na tano." Ukimsikiliza, hana kosa la hesabu. Amekata sentensi mahali pengine, basi. Wazee wanaosema "ishirini na tano elfu" wakihesabu hela za kahawa huenda wana akili kuliko vitabu vyetu.

Ongeza na saa. Mtoto wa Ngara anawaza labda kwa Kihangaza au Kishubi, shule ya msingi amesoma kwa Kiswahili, sekondari anakutana na Kiingereza. Mwalimu anasema "two o'clock", yeye anasikia saa mbili, na saa mbili kwake ni asubuhi. Hapa chuoni tuko vilevile. CR akituma kwenye group "test kesho saa 2", dole gumba zinamiminika arobaini, na ndani ya hizo arobaini kuna wanaowaza saa mbili asubuhi na wanaowaza saa nane mchana. Dole gumba ni "sawa" ya rubani. Haionyeshi mtu amepokea namba gani.

Ndiyo maana naliogopa swali la "mmeelewa?" Darasa zima linaitikia "ndiyooo mwalimu", sauti tamu kabisa, na mwalimu anaendelea kushuka. Anayejua amepotea hawezi kusimama peke yake mbele ya kwaya ile, na asiyejua kwamba amepotea hana hata sababu ya kusimama. Marubani wa Nairobi hawakuwa na shaka. Mtu asiye na shaka hainui mkono.

Cheo nacho kina lake. Tarehe 17 Oktoba 1988 Boeing 707 ya Uganda Airlines ilianguka karibu na uwanja wa Fiumicino, Roma, kwenye ukungu, ikijaribu kutua kwa mara ya tatu. Watu 52 walikuwemo, 33 wakafariki. Wachunguzi walitaja, pamoja na mengine, kwamba marubani hawakuwa wakitajiana mwinuko kwa sauti na waliendelea kushuka chini ya kiwango bila kuiona njia. Kutajiana ni kazi ya wote mle ndani, hata mdogo kwa mkubwa. Na sisi tumelelewa kwamba mdogo hamkumbushi mkubwa. Bado natafakari namna ya kumfundisha mtoto amwambie mwalimu "umesema 20,005 au 25,000?" bila yeye kuona ni utovu wa adabu, na bila mimi kukunja uso.

Kipindi ni dakika 40, darasa lina watoto zaidi ya sitini, kwa hiyo mtu asiniambie kila mmoja arudie. Nilichofanya Nyamiaga ni kuwachagua watatu: wa mbele, wa katikati, na mmoja wa dirishani nyuma. Nawauliza, "Nimewaagiza nini?" Wanarudia kwa maneno yao, mimi nanyamaza mpaka wamalize. Wiki ya kwanza ilikula muda, na mwalimu aliyekuja kunikagua aliniuliza mbona nachelewa kufika ubaoni. Wiki ya tatu wa dirishani alianza kunyoosha mkono kabla sijamtaja.