KURUDILIA EXETAT: HESABU INAVUNJIKA WAPI?

Wanafunzi wapenzi, na ninyi ndugu mliomaliza kalasi lakini diploma haikutoka,

Palmaresi ikitoka, wako wale wanaokosa pointi chache tu. Mara mingi wanasema: «Hesabu njo imeniangusha.» Mwaka umepotea, wazazi watatafuta makuta mara ya pili, na mlango wa Université ya Lubumbashi unabaki umefungwa. Basi leo sisi walimu wa hesabu tunataka kutazama pamoja nanyi namna ya kurudilia mtihani huu.

Exetat ilianzishwa mwaka 1967. Sharti mtu apate 50% kusudi apewe diploma. Katika sesio ya kawaida, ile ya siku 4, mwanafunzi anachagua jibu moja kati ya yale yaliyoandikwa. Wengine wanafikiri kuchagua ni kazi rahisi. Hapana! Mwenye kutunga swali anajua makosa ya wanafunzi, na anayaweka kati ya majibu. Kosa lako la kila siku linakungojea pale kwenye karatasi.

Mfano: (x − 3)². Wengi wanaandika x² − 9. Wakiliona jibu hilo kwenye orodha, wanafurahi bure. Tufanye polepole:

(x − 3)(x − 3) = x² − 3x − 3x + 9 = x² − 6x + 9.

Ukiwa na mashaka, weka namba. Tuseme x = 5. Swali linatoa (5 − 3)² = 4. Jibu la kwanza linatoa 25 − 9 = 16: hapana. La pili linatoa 25 − 30 + 9 = 4: ndiyo.

Sasa, kazi ya kufanya ni hii:

1. Tafuta pale panapovunjika. Mtu anasema: «Mimi sijui dérivée.» Tukiangalia kaye yake, tunakuta dérivée anaijua, kinachomshinda ni fraksio, ao alama ya − mbele ya parantezi. Basi arudi kwa kitabu cha mdogo wake. Hakuna haya.

2. Uwe na kaye ya makosa. Andika swali, jibu lako la uongo, sababu ya kosa, na jibu la kweli. Kisha siku 7, fanya swali lile tena pasipo kuangalia. Ukikosa, anza kuhesabu siku 7 upya.

3. Saa moja kila siku inapita usiku muzima mara moja kwa juma. Dakika 40 kwa makosa yako, dakika 20 kwa maswali ya miaka iliyopita, saa iko mbele yako. Mwenye kukosa taa usiku, aamke na jua.

4. Usibaki peke yako. Mweleze mwenzako. Kama hauwezi kumweleza mutu wa kalasi ya chini, haujajua bado.

Tena neno moja juu ya wale wanaouzisha «majibu» mbele ya mtihani. Maswali yanatolewa kwa seri mbalimbali. Jibu la jirani yako si lako. Makuta ambayo mama alipata kwa kuuzisha mihogo, usiyatupe kwa karatasi ya barabarani.

ZOEZI. Meka ya unga iko 5 000 FC. Bei inapanda 20%, kisha inashuka 20%. Sasa ni ngapi?
a) 5 200   b) 5 000   c) 4 800   d) 4 000

Funika mistari inayofuata, ufanye kwanza.

Jibu: c. Bei inapanda mpaka 6 000. Kushuka kwa 20% kunahesabiwa juu ya 6 000, si juu ya 5 000. Ni 1 200. Basi 6 000 − 1 200 = 4 800. Aliyechagua b, afungue kaye ya makosa leo hii. Ukurasa wa kwanza umepatikana.

Mwenye kaye hiyo aje nayo kwetu kisha masomo. Tutaisoma pamoja.